Jina Ninalokunyima

Ikutha, 4 Machi 2024

Mama,

Nakusalimu wewe na wifi yangu Kanyiva na watoto wake. Barua hii nimempa Mishi, yule mama wa Kitui mjini anayeuza leso hapa kwetu siku za soko, kisha anashuka nazo mpaka kwenu Kiboko. Usimpigie mwanao Kiema simu kumwambia umeipata. Yangu usiipige kabisa, haiko tena. Mwanao aliipasua kwa kisigino mwezi wa Januari kwa sababu iliita mara mbili na mimi nilikuwa mtoni nachota maji.

Mjukuu wako amezaliwa. Ni msichana, ana kichwa kikubwa cha ukoo wenu na sauti ya dalali wa mbuzi. Kiema alikuwa safarini kununua mifugo, kwa hiyo nilimzaa kwa amani, nikisaidiwa na mama jirani. Siku zote hizo nilitazama njia nikingoja mama mkwe aje anipikie uji na kumwosha mtoto. Hukuja. Watu wameuliza nikasema mguu unakuuma.

Sasa nina shida ya jina. La kanisani ni Faith, hilo halina maneno. La nyumbani ndilo linaninyima usingizi, maana yapo mawili na yote nayapenda. Napenda aitwe Mwongeli kama mama yangu wa Matinyani. Napenda pia aitwe Kasiva kama wewe, na mila ni mila, msichana wa kwanza ni wa mama wa bwana. Kiema anasema hatampa mtu jina la mamake mpaka mamake akubali. Tunangoja neno lako.

Nikwambie ukweli, kwa sababu wewe ni mwanamke. Akiitwa Mwongeli atakuwa mtoto tu ndani ya nyumba hii. Akiitwa Kasiva, Kiema atamwita mwaitu, mama yangu, kama wanaume wetu wote wanavyowaita mabinti waliobeba majina ya mama zao. Na nani aliwahi kumwinulia mama yake mkono? Hata mlevi wa mwisho pale sokoni anaogopa laana ya titi alilonyonya. Mimi mwaka jana nilitolewa jino kwa ajili ya chumvi. Mimba ile ya kwanza niliambiwa niseme ilitoka kwa malaria, nikasema malaria. Nataka mtoto huyu alale mahali ambapo ule mkono haufiki.

Nipe jina lako. Sikuombi kitu kingine.

Ndila


Kiboko, 11 Machi 2024

Ndila mwanangu,

Mishi amefika, barua yako ikiwa katikati ya leso, inanukia udi kama harusi. Usinicheke mwandiko. Mwalimu wetu wa ngumbaru alitufunza kuandika Kiswahili peke yake, Kikamba changu kimebaki cha mdomo. Na huu mkono wa kulia niliouvunja kisimani ukipigwa na baridi ya mto, herufi zinalewa.

Niliposoma ni msichana nilipiga vigelegele katikati ya shamba la vitunguu mpaka wenzangu wakakimbia wakifikiri nimeng'atwa na nyoka. Asante kwa kunizalia. Asante kwa kuzaa na kubaki hai.

Lakini jina, hapana. Mwite Mwongeli.

Kasiva ni jina la mikosi. Nyanya yangu aliyeniachia alikufa wakati wa njaa akiwa amekumbatia chungu kitupu. Mimi nalo nikawa mjane kabla sijazeeka, na ng'ombe wangu wa kwanza wa maziwa alianguka korongoni siku niliyomnunua. Mama yako je? Siku ya mahari nilimwona akila sahani mbili za pilau, akacheka, akaomba ya tatu bila haya. Nikasema moyoni, huyu mwanamke ana amani. Mpe mtoto hiyo amani, unampa uzee wangu mimi wa nini?

Kiema akiuliza mwambie nimesema jina langu bado nalitumia, mtu asubiri nife. Akikasirika anikasirikie mimi, niko mbali. Naja kumwona mtoto mguu ukipona, maana umeshaniundia mguu mbaya.

Nakutumia unga wa wimbi na leso ya kumbebea. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mama yako,
Kasiva


Ikutha, 9 Aprili 2024

Mama Kiema,

Nyanya gani huku Ukambani anakataa jina? Wanawake hununiana mwaka mzima wakigombania nani aanze kuitwa. Wewe unanipa hadithi ya ng'ombe aliyeanguka korongoni.

Basi umechelewa. Mtoto ni Kasiva. Nilimwambia Kiema umekubali, tena kwa furaha. Nilidanganya, na ukitaka kunihukumu, nihukumu. Siku hiyo hiyo alipiga magoti kando ya kitanda, akamwita mwaitu, akamwomba msamaha. Sijui msamaha wa nini, mtoto mwenyewe alikuwa anatafuta titi. Jumapili ya Pasaka tukampeleka mbele kanisani. Pasta akauliza jina, Kiema akajibu Faith Kasiva, akabubujikwa na machozi mbele ya watu wote, shemasi mzima. Mama mmoja akaniambia nimebarikiwa kwa mume.

Na tangu siku nilipomwambia jina hajanigusa. Unasikia, Mama? Hajanigusa. Anachota maji. Anambeba mtoto akienda kuangalia mbuzi. Jana mchana mtoto alishikwa na tumbo akalia sana, Kiema akamchukua, akamshika uso kwa mikono miwili, akamwambia, "Mwaitu, nyamaza. Nimekuambia vizuri, nyamaza." Kwa upole kabisa. Mimi nikichelewa kunyamaza sikuwahi kuambiwa vizuri.

Sasa na mimi nikuulize. Ni nani aliyemlea mtu huyu? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Ulimwona akinioa ukanitazama tu, ukiimba na wengine. Haukuisha mwaka ukabeba sanduku ukaenda kwa Kanyiva, ukaniacha naye peke yangu kama mtu anayefunga mlango wa zizi. Jina ndicho kitu pekee nilichokuomba tangu nije kwenu, na hicho nacho ukaninyima. Nimejichukulia mwenyewe.

Leso nimepokea.

Ndila


Kiboko, 13 Aprili 2024

Ndila,

Salamu ziache. Soma hii ukiwa umesimama, na mtoto akiwa mkononi.

Sikuanguka kisimani. Kiema alinivunja mkono huu kwa mchi wa kinu, jikoni humo unamopikia, alasiri, redio ikiimba nyimbo za injili. Wewe ulikuwa kwenu Matinyani unauguza hiyo malaria yako. Nilimwambia aache kukupiga. Nilimwambia mtoto aliyetoka alikuwa damu yetu, na kwamba yeye ndiye aliyemuua. Akaweka chini kikombe cha chai. Akanishika uso kwa mikono miwili, akasema, "Mwaitu, nyamaza. Nimekuambia vizuri, nyamaza."

Sikunyamaza. Pigo la kwanza nilidhani ni bahati mbaya. La pili nikasikia mfupa. La tatu aliliweka palepale pa la pili. Halafu akalia, akanibeba kwa bodaboda mpaka hospitali akiwa amenikumbatia kwa nyuma, mwaitu, mwaitu, njia nzima. Akamwambia nesi nimeteleza kisimani. Nikaitikia ndiyo. Nilipopona akaniambia nikiendelea kukutetea, mara ya pili hatalia. Ndipo nikabeba sanduku.

Wewe unauliza nani aliwahi kumwinulia mama yake mkono. Ni huyo unayelala naye. Umempa mtoto wako jina la mtu ambaye Kiema ameshampiga, na mkono wake unaijua hiyo njia. Ndiyo maana nilikunyima. Nilitunga mambo ya ng'ombe kwa sababu niliona haya. Kupigwa na mume watu watakupa pole. Kupigwa na mtu uliyemnyonyesha, unaanza kumwambia nani? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema, na mimi nimeuonja kila upande.

Unasema siku hizi ni mpole. Mimi nakuambia upole huo nimeusikia kwa masikio yangu, na najua kinachofuata.

Alhamisi ni soko. Mishi atakungoja kwenye lori la vitambaa. Mwambie Kiema mtoto analia kwa sababu jina limemkataa, ni lazima apelekwe kwa mama yako akapewe lingine. Hilo atalisikia. Yeye mwenyewe akiwa mchanga alilia bila kukoma mpaka tukambadilisha jina, na baba yake alimsimulia habari hiyo kila Krismasi. Anaiamini kuliko mahubiri. Akikuruhusu, nenda usirudi. Asipokuruhusu, nenda hivyo hivyo. Usibebe sufuria, usibebe nguo. Barua hii ichome.

Kasiva


Ikutha, 18 Aprili 2024

Mama yangu mpendwa,

Bwana asifiwe sana. Ni matumaini yangu neema ya Mungu inakutosha huko Kiboko. Hapa mvua imekuwa nzuri, mbaazi zinapendeza, mbuzi wawili wamezaa mapacha. Naandika kwa sababu simu zangu huzishiki. Barua nimempa dereva wa lori la mbuzi, ni ndugu katika Bwana.

Barua yako kwa Ndila niliipata mimi, ndani ya nepi za mtoto. Mama, hukufikiria iko siku nitambadilisha binti yangu nepi mwenyewe? Niliisoma. Halafu nikamkalisha Ndila kitini nikamsomea kwa sauti, neno kwa neno, mpaka pale pa mchi. Nikamuuliza kama anayaamini hayo. Akasema anayaamini. Baada ya hapo akaanguka kisimani, kama wewe. Taya limeachana na meno kadhaa hayapo. Majirani wamempeleka hospitali Kitui, na mimi niliwapa mtu wa kuwasindikiza. Tumwombee.

Sikuandikii kwa hasira. Sisi wawili tunajua ulivyoanguka, na tulikubaliana. Kwa nini unawaandikia watu wa nje mambo ya nyumba yetu?

Lakini lililoniuma zaidi ni la jina. Mungu alinipa mama mara ya pili, mama mdogo ambaye hawezi kubeba sanduku na kuniacha. Wewe unataka nimpoteze huyo pia. Umenikataa mara mbili.

Jumapili baada ya ibada nakuja, na mtoto nitamleta. Sitaki ugomvi. Utamshika mtoto, utamwita Kasiva mbele ya Kanyiva na majirani, na utawaambia kwa mdomo wako kwamba ulianguka kisimani. Kisha tutakula pamoja, nitaleta mahindi mabichi. Ukikataa nitajua kwamba sina mama hata mmoja, na mtu asiye na mama hana wa kumwogopa.

Mwanao akupendaye,
Shemasi Kiema


Kiboko, 24 Aprili 2024

Ndila mwanangu,

Mtoto yuko hai. Naanza na hilo ili upate kupumua. Mishi anakuletea barua hii hapo kitandani, na wakati naandika mtoto yuko mgongoni kwangu, amenyonyeshwa na Kanyiva pamoja na wake, ameshiba mpaka anacheua. Hana hata mkwaruzo. Damu ilimwagika nyingi lakini hakuna tone lake.

Barua ya Kiema ilinifikia Jumamosi. Nilikasirika, na hasira ikanisaidia. Nilikwenda kwa Kyule, mzee wetu wa nyumba kumi. Halafu nikawaita wanawake ninaolima nao, nikakunja mkono wa blauzi, nikawaonyesha mfupa ulivyoungana vibaya, nikawaambia aliyeuvunja. Hakuna aliyenipa pole. Waliuliza tu anakuja saa ngapi.

Alikuja kwa pikipiki, suti ya kanisani imejaa matope, mtoto amefungwa kifuani. Mtoto alikuwa amelia mpaka sauti imekauka, midomo imepasuka. Mkononi alikuwa na gunia la mahindi, zawadi yangu. Nikamwambia, "Nipe nimshike kwanza." Akanipa huku anatabasamu. Alidhani nampokea mama yake, kumbe nampokea mtoto wako. Nikampitishia Kanyiva, akaingia naye ndani akapiga komeo.

"Sasa waambie ulivyoanguka," akasema.

Watu walikuwa wamejaa uani. Nikapaza sauti, kwa Kikamba halafu kwa Kiswahili, ili hata madereva wa malori walioegesha barabarani wasikie. Nikasema huyu ni Kiema, mkono huu aliuvunja yeye kwa mchi, na juzi amemvunja mkewe taya.

Alinifikia uso kwa ile mikono yake miwili. Sikungoja aseme neno lake. Nilimng'ata kidole gumba mpaka nikahisi mfupa kwenye meno. Akapiga yowe, akanitupa chini, na panga likatoka kwenye gunia la mahindi. Pigo moja lilipasua neti ya vitunguu. Lingine likaniingia begani, nikaona nyama yangu mwenyewe, nyeupe kwanza, halafu nyekundu. Alikuwa ameinua tena wakati mwenzangu wa shambani, mama Nyamai, alipompiga jembe la goti. Nilisikia goti lilivyovunjika. Alipoanguka wakamwangukia wote, kwa mawe, fito, ndoo za kumwagilia, mateke. Wanawake ninaosali nao, Ndila. Mmoja alimpiga kwa kiatu chake cha kanisani mpaka kisigino kikabaki kwenye nywele zake. Kijana wa bodaboda akaleta petroli kwenye chupa ya soda.

Hapo Kyule akapiga kelele wakaacha. Akanigeukia. "Mama, huyu ni wako?"

Unajua swali hilo lilivyo kwetu. Zamani kabla ya kijiji kumuua mtu aliyewashinda, walimwendea kwanza ndugu yake wa damu. Asipomdai, basi. Hakuna aliyekuwa pale ambaye hakujua naulizwa nini. Chupa ilikuwa imeshafunguliwa, harufu ilinijaa puani. Kiema alinitazama kwa jicho moja, lingine lilikuwa limezibika kwa damu, akaita, "Mwaitu." Ndani ya nyumba mtoto akaanza kulia. Mpaka leo sijui alikuwa anamwita nani kati yetu.

Nikasema, "Ni wangu."

Polisi wamemchukua. Bega langu limeshonwa vizuri. Ukitoka hospitali Kanyiva na Mishi watakuletea mtoto Matinyani kwa mama yako. Usirudi Ikutha hata kuchukua kijiko.

Kasiva


Matinyani, 20 Mei 2024

Mama,

Mtoto alifika salama. Nilimvua nguo zote nikamkagua mpaka katikati ya vidole vya miguu, Kanyiva akanicheka, halafu akalia na mimi. Mwambie asante kwa maziwa. Mdomo wangu umefungwa waya na nakunywa uji kwa mrija, kwa hiyo maneno yangu yote yanapitia kwenye kalamu. Univumilie.

Kwa nini ulisema ni wako?

Kila siku naisoma ile barua nikifika hapo naiweka chini. Chupa ilikuwa wazi. Ungenyamaza tu. Hakuna ambaye angekulaumu, na mimi leo ningekuwa mjane, na ningelala. Badala yake nikisikia pikipiki barabarani najificha na mtoto nyuma ya ghala la mahindi, namziba mdomo asilie. Namziba mdomo mimi mwenyewe, Mama. Juzi nikajiona ninavyofanya, nikauondoa mkono upesi. Kuna saa nakupenda na kuna saa nakuchukia, na siwezi kukuficha.

Halafu niko na aibu. Ulivunjwa mkono kwa ajili yangu na mimi nikakuandikia kuhusu milango ya zizi. Nisamehe hilo. Hili la petroli bado sijaweza.

Kuhusu jina. Mama yangu anataka tumpe la kwake upesi, jogoo wa kuchinja siku hiyo ameshamchagua, anamtazama kila akipita uani. Nimemkatalia. Mtoto ameshazoea, nikiita Kasiva anageuza kichwa, nikiita Mwongeli anatazama ukuta. Tena sasa si kwa ajili ya Kiema. Wakati ule nililitaka jina lako kama mtu anayetafuta ngao. Leo nalitaka kwa sababu ulimtoa mwanangu mikononi mwa yule mtu ukapasuliwa bega. Nimwiteje jina lingine? Hata siku ninazokukasirikia, yeye ni Kasiva.

Mara ya kwanza nililiiba. Mara hii nipe mwenyewe.

Ndila


Kiboko, 7 Juni 2024

Ndila mwanangu,

Maisha yangu yote hakuna mtu aliyenipa heshima kama hiyo. Nimeililia barua yako mbele ya wenzangu shambani, na nilipomaliza nikawasomea, wakalia na wao. Vitunguu vilipata lawama.

Umeuliza, na una haki ya kuuliza. Nilisema ni wangu kwa sababu ni wangu. Mwaka wa njaa nilimnyonyesha titi likiwa halina kitu, akavuta mpaka ikatoka damu, na nikamwacha avute. Kile kichwa walichotaka kukichoma nilikiosha mimi. Sikukufikiria wewe wakati ule, wala mtoto, sikufikiria kitu. Unaweza usinisamehe. Lakini mimi ndiye niliyemrudisha duniani mara ya pili, kwa hiyo safari hii ni mzigo wangu, hautakuwa wako tena.

Sikiliza sasa. Jumatano wamempa dhamana. Mjomba wake Musembi ameweka hati ya shamba. Hakimu amemkataza kukanyaga Matinyani, na anatembea kwa mkongojo, lakini wewe na mimi tunamjua. Musembi amenipigia simu akiwa na hofu. Anasema Kiema hali, hasali, hazungumzi na mtu, ila anauliza jambo moja asubuhi na jioni. Haulizi mke wake yuko wapi. Haulizi mtoto yuko wapi. Anauliza Kasiva yuko wapi.

Kwa hiyo jina nakunyima tena, na mara hii nakwambia sababu. Kesho asubuhi mpe mama yako mtoto mikononi amwite Mwongeli. Mchinjeni huyo jogoo. Ita majirani, ita shangazi zako wote, pigeni vigelegele vifike barabarani, habari imfikie Musembi siku hiyo hiyo na Musembi amwambie. Kiema anajua mila. Mwongeli ni mama yako wewe, si wake. Mtoto wa jina hilo hawezi kumwomba msamaha, hawezi kumdai mapenzi, hawezi kumwambia amemkataa. Atageuza kichwa akiitwa, mpe wiki moja, watoto wana akili.

Kanyiva anataka nihamie kwa dada yangu mpaka kesi iishe. Nimekataa. Wenzangu wanalala kwangu kwa zamu, Kyule anapita kila jioni, na kesi ikifika nitasimama mahakamani niseme yote ya mchi, hata kama ni kwa mkono mmoja. Usije hapa. Usimtume mtu aje kunichukua.

Atakuja kumtafuta Kasiva. Nataka amkute mmoja tu.

Kasiva